Ngazi ya Nyuzi Nne

Jumatatu, tarehe 4 Machi

Kwa jina la Mungu aliyevipa viumbe pumzi na sauti. Amani iwe juu yako, daftari, na juu ya yeyote atakayekufungua bila ruhusa.

Mjukuu wangu wa kwanza anaolewa Jumamosi. Amesema mzee mmoja tu atapiga ala wakati yeye anaingia ukumbini, na ataamua Ijumaa baada ya kutusikiliza. Wazee ni wawili: mimi niliyemlea, na shemeji yangu, fundi cherehani mstaafu, mwenye kodiani. Shemeji anajua nyimbo tatu, nazo zote ni moja. Nimenunua ukulele, ala ndogo ya nyuzi nne. Kinyozi wa mtaa wetu, ambaye hupiga jazi anapokosa vichwa, amekubali kunifundisha.

Jumanne, tarehe 5 Machi

Arpejio, asema kinyozi, ni kuzitoa sauti zinazopatana, anazoziita kundi, moja moja, kwa zamu, badala ya kuzikumba zote pamoja. Jambo la adabu. Nimelipenda. Tena nyuzi zote nne zikiachwa wazi, pasipo kubonyezwa, tayari ni kundi la sauti za jazi. Nusu ya elimu nimeipata nikiwa nimekaa! Kinyozi akaniambia, mzee wangu, haraka haraka haina baraka, lipige hilo mara mia, polepole. Nilipiga mara tisa. Zilizobaki nilizitia nia.

Jumatano, tarehe 6 Machi

Kasoro kubwa. Uzi ulio karibu na kidevu changu, ambao kwa cheo chake ungepaswa kuwa na sauti nzito kuliko zote, unalia juu kuliko unaoufuata. Ngazi gani hii inayoanzia darini? Kinyozi alisema ukulele ndivyo ulivyo, na utamu wake umo humo humo. Nikamjibu kwamba nimefundisha dini miaka thelathini na saba, mpangilio naujua. Nikaulegeza uzi mpaka ukashuka chini ya wenzake. Sasa umelala kama kamba ya kuanikia nguo, na hautoi ila kohozi. Mke wangu aliuliza kutoka jikoni, baba watoto, nani huyo anaumwa kifua?

Alhamisi, tarehe 7 Machi

Shemeji alipita, eti kusalimia. Akauliza kama hicho nilichokumbatia ni ala au ni gitaa lililoachishwa ziwa mapema. Nikamwambia kwa upole kwamba kodiani lake linahema kama mbuzi mwenye pumu. Akasema haya, shemeji, kesho si mbali. Alipoondoka niliona ni busara kumjulisha mjukuu kuwa shemeji ana maumivu ya bega. Si uongo kamili. Umri wake unaruhusu.

Ijumaa, tarehe 8 Machi

Shemeji alikuja na bega zima. Akapiga. Watu wakatikisa vichwa kwa raha, Mungu awasamehe.

Zamu yangu. Kohozi, kisha sauti tatu safi. Kohozi tena. Mjukuu aliziba mdomo kwa kiganja, mabega yakamtetemeka. Kisha akaja akapiga magoti mbele yangu. Akasema, babu, kodiani litapigwa, lakini wewe nataka unishike mkono tuingie wote, maana bila wewe sivuki ule mlango. Mke wangu akalia. Hata kinyozi akajifuta macho.

Nikafahamu hila yake. Aliyeshikwa mkono hawezi kupiga ukulele!

Jumapili, tarehe 10 Machi

Harusi imepita salama, sifa ni za Mungu. Nilimwingiza mjukuu kwa mkono wangu wa kushoto, na ukumbi mzima ukasimama. Shemeji alikosea mara mbili. Nilihesabu. Karibu na jukwaa mjukuu alinibana mkono, akaninong'oneza kuwa jambo hili hatalisahau maisha yake yote. Nadhani alikusudia yale makosa.

Mdogo wake anaolewa mwezi wa sita. Leo nimemwuliza kinyozi kama ipo ala ipigwayo kwa mkono mmoja, ule mwingine ukiwa na bibi harusi. Akafikiri sana. Akasema tarumbeta, ila midomo huchukua miaka kuizoea.

Miaka! Nimemwambia tutaanza Jumanne.

Mungu akubariki wewe usomaye, ailinde nyumba yako na wote walalao ndani yake, na majirani zangu awazidishie subira.