Mizani Iliyowakondesha Watoto Wetu

Leonidasi Nkunzimana,
Duka la Maharage, mkabala na zahanati,
Njia ya Mabamba, Kibondo.

Ndugu Mganga Mfawidhi,

YAH: KUIRUDISHA MIZANI YA WATOTO KATIKA HALI YAKE NJEMA YA MWANZO

Natumaini wewe na wauguzi wako hamjambo. Sisi wa ng'ambo ya barabara tuna manung'uniko, nami nimeona niyaandike kwa heshima kabla hayajasemwa kanisani.

Utakumbuka kwamba mwezi wa Pili alikuja Fundi Khatibu kurekebisha mizani ya kielektroniki ya kliniki ya watoto. Mtu mwungwana sana. Mawe yake ya kupimia aliyasahau Kasulu, na badala ya kujisumbua kurudi, alivuka barabara, akaniamkia, akaomba kitu chochote cha kilo kumi. Nikampa mfuko wa maharage niliouandika KILO 10 kwa mkono wangu mwenyewe. Akaubandika juu ya mizani, akabonyezabonyeza mpaka mizani ikakubaliana na mfuko, akala kwangu chakula cha mchana, akaondoka. Kuanzia siku hiyo watoto wa hapa walinenepa kuliko wakati wowote ninaoukumbuka.

Juma lililopita akaja Fundi Benita. Malalamiko yangu juu yake ni haya:

1. Alikuja na mawe yake ya chuma, yamelazwa kwenye sanduku lenye kitambaa, akayashika kwa glavu kana kwamba sisi ndio wachafu. Nilivuka na mfuko wangu kumsaidia. Akaniambia, "Asante mzee, weka tu hapo chini." Maharage yaliyotumikia zahanati miezi mitano yakakaa sakafuni, karibu na ndoo ya kunawia. Na chai yangu hakunywa.

2. Alipomaliza, watoto wote wakakonda kwa pamoja. Mtoto wa mwalimu wetu wa kwaya, aliyekuwa na kilo tisa, alitoka na chini ya nane, na hakuharisha wala kutapika popote kati ya mlango na benchi. Mimi si daktari, lakini mtoto akipungua hivyo bila kuumwa, aliyeumwa ni mizani.

3. Kuna kina mama waliokuwa wakiipita zahanati ya kijijini kwao na kupanda kilima chetu, watoto mgongoni, kwa kuwa huku watoto hukua vizuri zaidi. Sasa wameacha kuja. Kijiji kimepoteza sifa, na sifa hiyo ilianzia dukani kwangu.

4. Hili ndilo linaloniuma. Mjukuu wangu Akimana, wa miezi kumi na moja, alikuwa na kilo nane kamili, na nilikuwa nikimwonyesha kila mteja kama ushahidi wa ubora wa maharage yangu. Kwa Fundi Benita akawa na kilo sita na gramu mia nane. Nesi akaweka nukta kwenye rangi ya kijivu ya kadi, ya watoto wenye uzito pungufu, akaagiza uji wa karanga na kliniki kila wiki. Mkamwana wangu Esteri alilia njia nzima, ingawa njia yenyewe ni kuvuka barabara tu. Tangu mwezi wa Nne alikuwa akiniambia, "Baba, huyu mtoto mgongoni ni mwepesi." Nami nilimjibu kwamba mgongo haujasoma, mizani imesoma. Sasa mizani imebadili maneno, na nimebaki sina pa kuweka uso nyumbani kwangu.

Kwa hiyo naomba kwanza Fundi Khatibu aitwe tena, chakula nitatoa mimi. Pili, Fundi Benita arudishwe chuoni akafundishwe kuamini wenyeji. Tatu, mawe yale ya chuma yapelekwe yakapimwe kwa mfuko wangu, na kama hayalingani nao, yarekebishwe yenyewe, Kibondo na Kasulu yote. Maharage yalikuwapo huku kabla ya chuma.

Wasalimie wauguzi wote, mlinzi wa getini, na Fundi Benita pia, maana sina ugomvi naye binafsi. Mwidiwe sana, kama tunavyosalimiana Kiha.

Wako katika kujenga afya ya kijiji,
Leonidasi Nkunzimana

Baada ya kutia sahihi: Barua hii imekaa dukani siku nane, ingawa zahanati naiona nikiwa nimekaa. Jana niliomba kuupima mfuko ule kwenye mizani yenu. Una kilo nane na nusu. Ni ule wa mlangoni, Ndugu Mganga, wa kuonjesha: kila mnunuzi alikuwa akichota konzi, akitafuna punje moja, zilizobaki akitia mfukoni na kwenda zake. Niliuandika mwanzoni mwa mavuno na sikuujaza tena; baada ya Fundi Khatibu kuutumia niliufunga kwa heshima, hakuna aliyechota tena. Siku ile nililijua hilo, ila sikuwahi kuombwa na fundi wa serikali kitu cha maana kama hicho, na nilishindwa kusema sina. Fundi Khatibu asilaumiwe peke yake. Mizani msiiguse. Esteri nimemwomba radhi mbele ya mume wake, na mfuko nimeufuta namba. Akimana leo amefika kilo saba. Esteri alikuwa ameshaniambia asubuhi, kabla hawajavuka barabara, kwamba mtoto amekuwa mzito mgongoni.