Mdudu wa Kijivu wa Ghala la Mama Mkwe

Jumatatu, 9 Juni. Kasulu.
Nimechoka na wiki haijaanza. Dokta Firdausi anachunguza wadudu wanaotoboa maharage, jinsi walivyobadilika vizazi kwa vizazi. Sasa anataka mdudu wa kulinganisha nao: awe ndugu yao, ila asiwe wa nyumba yao. Atakayempata ataenda na Dokta Kibondo kufanya kazi msimu mzima. Mwingine arudi shambani. Wasaidizi tuko wawili, mimi na Ndayikunda. Ndayikunda ana miguu. Mimi nina akili!

Jumanne, 10 Juni.
Nimempelekea fukusi wa mahindi kutoka jikoni kwangu. Hatua kumi na mbili tu. Dokta akasema huyo yuko mbali mno, ni kama kumwita mpita njia aje aseme mtoto kafanana na nani. Haya. Ndayikunda kaenda milimani Munanila kukagua majani. Mjinga.

Jumatano, 11 Juni.
Ghala la mama mkwe, Rungwe Mpya. Pikipiki imenivunja mgongo. Lakini! Kwenye maharage yake kuna mdudu wa kijivu. Umbo la mtoboaji, rangi nyingine kabisa. Ndugu huyo! Mama mkwe alikuwa nyuma ya mlango ananieleza jambo, sijui jiko, sijui nini. Mkwe hasimami kupiga soga na mama mkwe. Nikaitikia "ndiyo mama" mara nne, macho chini, nikaondoka na chupa yangu.

Alhamisi, 12 Juni.
Ndayikunda karudi na matope hadi magotini. Nikamwonyesha. Akauliza mbona na vidole vyangu ni vya kijivu. Wivu huo.

Ijumaa, 13 Juni.
Dokta alimtumbukiza mdudu wangu kwenye spiriti. Akatoka wa kahawia. Mtoboaji yuleyule, tunao mamia. Benita, mke wangu, anasema mama yake alikuwa ananiambia amechanganya maharage na majivu ya jiko yasitobolewe. Kama afanyavyo kila mtu. Kama nifanyavyo mimi! Ndayikunda ndiye anayeenda Kibondo, na mdudu wake wa majani. Imeniuma sana. Nilishawaaga majirani.

Jumamosi, 14 Juni.
Benita kanituma kusaga mahindi. Nimekaa mashineni nasubiri zamu, sina nguvu hata ya kunyanyua debe. Mara ukutani, mdudu mweupe. Mweupe kuanzia kichwani hadi miguuni! Mwenye mashine akataka kunieleza jambo. Nikamwomba anyamaze. Ninaye chupani. Jumatatu naenda Kibondo.