Picha Kumi na Mbili za Bibi wa Goma

Jamani, leo nimeaibika mchana kweupe, tena nikiwa na suti.

Asubuhi mke wangu aliniambia nitumie kamera moja tu harusini, ile ya dijitali niliyoizoea. Nikamjibu kuwa harusi ya maana inataka filamu, ile pana, picha ikuzwe mpaka ijae ukuta. (Kamera yenyewe nimeinunua juzi. Niliyewahi kumpiga nayo picha ni mbuzi wa jirani.) Nikabeba zote mbili.

Bi harusi alikuwa na ombi moja. Bibi yake mzaa mama alikuwa amevuka kutoka Goma, miguu haimtii tena, na ilibidi arudi kabla mpaka haujafungwa.

"Bon, zingine hata zikiharibika nitavumilia," akaniambia. "Ya bibi yangu, hapana."

Nikamwambia aondoe shaka, hiyo naipigia filamu.

Tukamsimamisha Bibi kwenye bustani ya hoteli, ziwa nyuma yake, mjukuu amemshika kiuno. Nikaanza mbwembwe. Inua kidevu, Bibi. Geuka kidogo. Nikapiga goti. Nikalala kwenye nyasi (suti ni ya kuazima). Huku nawahubiria wajomba wenye simu kwamba dijitali ni ya picha za kitambulisho. Picha kumi na mbili, mkanda ukaisha. Teksi ya mpakani ikapiga honi.

Bibi akanitazama kwa upole.

"Mutoto yangu, ile kifuniko ya mbele unaitoshaka saa ngapi?"

Nikaangalia. Kifuniko cheusi kimekaa juu ya lenzi, kimetulia kabisa. Kamera hii unachungulia kwenye kidirisha cha pembeni, kwa hiyo mimi nilikuwa naona kila kitu. Filamu haikuona hata ukucha wa Bibi.

Mjomba mmoja alicheka mpaka akakaa chini. Bi harusi hakucheka, machozi yalikuwa yanamlengalenga. Nilitamani ardhi inimeze, suti na yote. Nikamuuliza Bibi kwa nini hakusema mapema.

"Mi nilizania mashine ya bei inafanyaka vile."

Kisha akampa mjukuu fimbo yake ya kutembelea, akamwambia dereva wa teksi azime gari.

"Piga tena. Siwezi rudi Goma bila kuacha sura."

Nikatia mkanda mpya, nikavua kifuniko, nikapiga kwa kamera zote mbili. Ya dijitali tukaiangalia hapo hapo: Bibi anacheka, mjukuu anacheka. Sasa hivi nimepigiwa simu, amevuka salama. Mungu ampe miaka mingi, maana leo ameniokoa.

Na nyinyi, chekeni kimya kimya. Mke wangu yuko chumba cha pili.