Dubu wa Februari na Bendera ya Saa Mbili na Robo

Jumatatu, 2 Septemba

Sikukuu ya wafanyakazi, ambayo hapa kwetu huwa Septemba. Sikufanya kazi. Nilikimbia kilomita nane, nikasimamisha saa mara tatu ili nifunge kamba za viatu. Kamba zilikuwa zimefungwa. Nilikuwa nahema.

Barua pepe kutoka kwa Bernadette Chisholm, katibu wa klabu yetu ya wakimbiaji. Kila mwanachama aandike mambo kumi kumhusu ambayo watu hawayajui. Yatabandikwa ukumbini, pale tunapokunywa kahawa. Mwishoni akaongeza, kama mtu aliyekumbuka kitu kidogo, kwamba kamati itayasoma kabla ya kuchagua atakayebeba bendera ya saa mbili na robo kwenye mbio za kilomita ishirini na moja, Jumamosi ya tarehe 14.

Kitu kidogo. Miaka sita naitaka bendera ile. Anayeibeba hukimbia mwendo mmoja toka mwanzo hadi mwisho, na kila anayetaka kumaliza kwa saa mbili na robo anamfuata. Watu wanakufuata! Mimi nina miaka hamsini na sita, natengeneza mitambo ya kupasha nyumba joto hapa Thunder Bay, na sijawahi kufuatwa na kiumbe chochote isipokuwa mbwa wa jirani.

Miaka minne mfululizo bendera imekuwa ya Orville Petrie. Askari wa misitu mstaafu. Ana miaka sitini na moja na hatoki jasho.

Niliketi jikoni nikaandika ukweli wangu. Kiatu cha kushoto lazima kitangulie. Nikikosea navua vyote na soksi, naanza upya. Nikipanda mlima nahesabu kwa Kifini, lugha ya bibi yangu, nami najua hadi kumi na mbili tu. Huzungumza na goti langu la kushoto. La kulia sina shida nalo. Wimbo wa taifa ukipigwa kabla ya mbio nalia, halafu nasingizia vumbi. Nawaogopa bata bukini. Kila mbio namchagua mzee mmoja aliye mbele yangu, namchukia mpaka nimpite, kisha namwomba radhi kimoyomoyo.

Mke wangu Marlene alisoma huku akipangusa mikono. Akasema huyu ndiye mimi kabisa.

Nikamwambia hilo ndilo tatizo.

Jumanne, 3 Septemba

Nimeandika orodha nyingine. Nimejiongeza kidogo tu, hapa na pale. Kwamba mapigo ya moyo wangu yalimshangaza daktari. (Kweli. Alinipa dawa.) Kwamba huamka saa kumi na moja alfajiri bila saa ya kuamsha. (Kweli. Kibofu.)

Namba nne ndiyo nzito. Nimeandika kwamba Februari iliyopita, kwenye kilima kilicho juu ya mto, nilikimbizwa na dubu, nikamshinda kwa umbali wa nguzo mbili za umeme.

Nguzo mbili nimeona ni kiasi cha kuaminika. Mwanzo niliandika tano.

Nimetuma. Nimelala kama mtoto.

Alhamisi, 5 Septemba

Bernadette amepiga simu. Kamati imesoma kwa kupokezana, na walipofika namba nne mtu mmoja aliweka kikombe chini. Anataka Jumamosi niongoze mazoezi ya klabu hadi mahali penyewe, nionyeshe na kueleza. Mambo ya bendera yataamuliwa baada ya hapo. Nilikubali kwa sauti nzito.

Jioni nilikutana na Orville dukani, kwenye viazi.

“Reino, ndugu yangu. Nimesikia habari za dubu.”

Nikasema ni jambo la kawaida, sipendi kulizungumzia.

“Ulisema Februari?”

“Februari.”

“Februari dubu wamelala, bwana. Wanalala mpaka Aprili.”

Nikamwambia huyu alikuwa na matatizo ya usingizi.

Orville alichagua kiazi kimoja, akakirudisha, akaenda zake. Miaka thelathini na miwili amekaa na dubu. Kwa nini sikuandika papa?

Ijumaa, 6 Septemba

Baada ya kazi nilikwenda kilimani na reki ya bustani. Nimeukwaruza msonobari mmoja, juu ya kichwa changu, mikwaruzo mirefu ya kutisha. Nilirudi nyuma nikautazama. Nikajiogopa mwenyewe.

Jumamosi, 7 Septemba

Siku mbaya. Ila siyo mbaya yote. Niandike kwa mpangilio.

Tulikuwa watu kumi na wanane. Wengine walikuja na kengele viunoni za kuwafukuza dubu, tukawa tunalia njia nzima kama kundi la mbuzi. Nilitangulia. Kwenye msonobari nikasimulia: theluji, mngurumo, pumzi yake kisogoni. Bernadette alishika kifua.

Orville akasogea kwenye mti. Akavaa miwani. Akapitisha kidole kwenye mkwaruzo, akakinusa.

“Dubu huyu ana kucha kumi na nne kwenye mguu mmoja,” alisema taratibu. “Zimepangwa kwa rula. Na zimeingia kutu.”

Hakuna aliyecheka. Afadhali wangecheka. Nilisema tuendelee, misuli isipoe.

Tukashuka hadi njia ya kando ya mto. Hapo, kwenye kona, bata bukini. Labda thelathini. Wa mbele akanyoosha shingo chini, akafanya ile sauti yao ya mpira unaotoa upepo.

Sikumbuki kuamua lolote. Saa yangu inasema nilikimbia kilomita iliyofuata kwa dakika nne na sekunde sita. Sijawahi kukimbia hivyo maishani, hata shuleni. Nilipogeuka nilikuwa kwenye maegesho, peke yangu, na watu kumi na saba walikuwa wamesimama kule mbali, wadogo, wananitazama.

Niliketi kwenye ukingo wa barabara. Nilifikiria kuhamia mji wa mbali, Winnipeg.

Wa kwanza kunifikia alikuwa Hazel Ostrowski. Ana miaka sitini na mitatu, mpishi mstaafu wa shule, ameingia klabuni Mei. Hajawahi kukimbia mbio zozote. Hatukuwa tumezungumza zaidi ya habari za hali ya hewa. Alikaa kando yangu, anahema, halafu akaanza kucheka mpaka akavua miwani.

Nikamwambia acheke tu, ni haki yake.

“Sikucheki wewe, bwana Reino. Mimi nawaogopa zaidi yako. Nilichelewa kukimbia kwa sababu miguu iligoma kwanza.”

Kisha akaniambia kwamba usiku wa jana alikuwa ameandika barua ya kujitoa kwenye mbio. Kila aliyesoma orodha za ukumbini aliona watu wa chuma: huyu amevuka jangwa, yule amezalisha ndama, huyu kamshinda dubu. Akajiuliza yeye anatafuta nini humo. Akaniuliza kama nina hofu nyingine au ni bata tu.

Nikamweleza yote. Viatu, goti, kuhesabu kwa Kifini, kulia wakati wa wimbo. Aliuliza maswali. Alitaka kujua goti linajibu nini. Tulitembea hadi gari lake, na ilipofika saa ya kuagana akasema barua ile ataichana.

Jumapili, 8 Septemba

Marlene anasema niende kwa Bernadette nikakiri. Nina mpango bora. Nitaingia ukumbini Jumanne mapema, nibandue orodha yangu, niseme upepo uliichukua.

Ukumbi hauna madirisha. Nilikuwa sijafikiria hilo.

Alasiri niliwasha sauna, kile chumba chetu cha mvuke nyuma ya nyumba, nikaingia humo kujificha. Nilikuwa nimemwaga maji mara moja tu juu ya mawe mlango ulipofunguliwa. Orville Petrie, na taulo. Marlene alikuwa amemruhusu. Sitalisahau hili.

Orville ni mtu wa asili ya Uskoti. Watu wa huko hawakuumbwa kwa ajili ya joto. Alikaa benchi la chini kabisa, akageuka rangi ya nyanya, akasema atasema haraka kabla hajazimia.

Alisema amechoka na bendera. Miaka minne hajakimbia mbio zake mwenyewe, anatazama saa kama mpika mayai. Jana jioni alimwambia Bernadette anipe mimi.

Nikamuuliza vipi, baada ya reki.

“Reki ilinikera,” alisema. “Mti ule ulikuwa mzima. Lakini Hazel alimpigia Bernadette simu kabla yangu. Kasema anakimbia nyuma yako au hakimbii kabisa. Sasa mimi nifanye nini? Niseme hapana kwa Hazel? Mwanamke aliyewatuliza watoto mia tatu kila mchana kwa mwiko mmoja?”

Sharti ni moja: dubu atoke ukutani. Akasimama, akapepesuka, akatoka. Nilimsikia akimwomba Marlene maji.

Bendera yangu. Nilibaki ndani mpaka mawe yakapoa. Vumbi lilikuwa jingi.

Jumatano, 11 Septemba

Orodha ya kweli imebandikwa. Watu watatu wameniletea habari za magoti yao. Nilitarajia aibu, nimepata wagonjwa.

Nafanya mazoezi na ufagio kwenye chumba cha chini ya nyumba, kuzunguka mtambo wa joto. Mwendo unaotakiwa ni dakika sita na sekunde ishirini na nne kwa kilomita. Naujua kama jina langu. Marlene alishuka akaniuliza kama, nikiwa na ufagio mkononi tayari, naweza pia kufagia.

Jumamosi, 14 Septemba

Tulianza saa mbili asubuhi. Upepo wa ziwani, baridi, mawingu mazito juu ya maji. Nyuma yangu walijipanga watu kumi na wanne. Niliwahesabu mara mbili. Hazel alikuwa wa mbele, kafunga kamba za viatu mafundo matatu.

Kilomita ya kwanza: sita na ishirini na nne. Kamili. Ningekufa pale ningekufa na furaha.

Kilomita ya pili Orville akanipita, mwepesi, mikono mitupu. Akaniambia bendera imenipendeza, niangalie tu isinipeperushe.

Hakuwa na nia mbaya. Najua sasa. Lakini mgongo wake ulikuwa pale mbele, umenyooka, hautoki jasho, na mimi nina ile tabia yangu ya wazee walio mbele. Nikasema nitamkaribia kidogo tu. Nitasalimia halafu nirudi.

Kilomita ya sita niligeuka kuwaambia wafuasi wangu wakaze mwendo. Hapakuwa na mtu. Barabara tupu, mti mmoja, na karatasi inayopeperuka. Nimebeba bendera ya watu kumi na wanne, nimeipeleka peke yangu.

Orville alikuwa umbali wa nguzo moja. Ningempata. Naandika hapa kwa kuwa hakuna mwingine atakayesoma: ningempata.

Nikageuka. Sikuwa nimewahi kukimbia mbio kwa kurudi nilikotoka, watu wakinipigia honi. Niliulizwa mara saba kama nimepotea. Wengi wa kundi langu walikutana nami wakiwa wameshika mwendo wao, nikawaomba radhi, wakanipungia. Hazel nilimkuta darajani, kasimama, anafungua pini za namba yake ya mbio aikabidhi kwa mgawa maji. Pembeni yake Desmond Fairweather, daktari wa meno, na dada yake Lorna, wote wamekata tamaa.

Hazel aliitazama bendera, kisha akanitazama mimi.

“Ulikuwa wapi?”

Nikasema nilikimbia mno. Nikasema nilimwona Orville.

“Mwanamume mzima,” alisema. “Haya. Nifungie pini hii.”

Tukaenda wanne. Nilitupa saa mfukoni. Kwenye kilima kirefu cha kilomita ya kumi na tatu Lorna alianza kulia, nikaona hakuna la kupoteza, nikaanza kuhesabu kwa Kifini kwa sauti. Nilipofika kumi na mbili Desmond aliuliza kumi na tatu ni nini. Nikakiri sijui. Basi tukaafikiana kila tukifika kumi na mbili, mmoja atoe jambo lisilojulikana na yeyote.

Desmond anaogopa daktari wa meno. Hajatazamwa meno miaka tisa. Hazel alipikia shule ile miaka ishirini na saba na hakuwahi kuonja supu yake hata mara moja. Lorna alisema alipojiandikisha alidhani mbio ni kilomita tano, akaona aibu kuuliza. Tulisimama kucheka. Kilima kilikwisha bila sisi kujua.

Tulifika kwa saa mbili na dakika thelathini na nne. Hazel alivuka mstari na mikono juu, kisha akamshika mtu asiyemjua akamkumbatia. Nilisimama na bendera yangu iliyoandikwa saa mbili na robo. Watu wa saa mbili na nusu walikuwa wameshaanza kunywa supu.

Orville alikuwa pale na mablanketi. Alitazama saa kubwa, akatazama bendera.

“Dakika kumi na tisa, bwana.”

Nikasema najua.

“Mimi miaka minne nilifika kwa wakati,” alisema, akimfunika Hazel mabega. “Nikigeuka, nyuma hamna mtu. Sikuwahi kurudi kumtafuta hata mmoja.”

Akanipa blanketi la mwisho. Nikajifunika, nikala ndizi.

Jumapili, 15 Septemba

Magoti yote mawili yananuna. Hazel alipiga simu asubuhi kuniambia hawezi kushuka ngazi, na kwamba hajawahi kujisikia vizuri hivi tangu alipostaafu. Desmond ameweka miadi ya meno.

Nilishinda kwenye kiti. Nimefikiri sana juu ya wiki hizi mbili. Nimeona wazi kwamba mtu akisema ukweli kuhusu nafsi yake, anapendwa zaidi. Nimeamua kuishi hivyo.

Saa tisa alasiri Bernadette alituma tangazo. Klabu inaanzisha kundi la kuteleza thelujini, inatafutwa kiongozi. Anayetaka ajaze fomu. Mahali pa uzoefu nimeandika: “Tangu utotoni.” Nikaona pamepwaya, nikaongeza: “Pamoja na usiku.”

Marlene alisoma akiwa nyuma yangu. Alinikumbusha kwamba tangu utotoni nimekuwa nikianguka. Alinikumbusha na mkono uliovunjika, na ule mwingine.

Tayari nimetuma. Dakika kumi baadaye Hazel akajiandikisha, na Lorna, na watu wengine tisa.

Theluji huanza Novemba. Nina wiki saba nzima. Kesho natafuta mahali pa kuazima hivyo vibao vya miguuni.