Mkeka wa Watu Wawili

Jumatatu, 4 Agosti
Nimefika. Chumba kina vitanda viwili. Begi nimeliweka juu ya kile kingine, kisionekane kitupu. Ni likizo ya kwanza tangu mke wangu afariki. Yeye ndiye aliyekuwa akichagua ufukwe: anatazama bendera, anamuuliza mwokoaji maji yakoje leo. Kazi yangu ilikuwa kubeba mkeka. Jioni dada amepiga simu, akauliza nimekaa na nani. Nikajibu kwamba watu ni wengi. Hakudanganyika. Amesema nikimaliza wiki peke yangu kama kisiki, mwakani likizo ni kwake, nikamsikilize shemeji akisimulia alivyojenga choo. Hapana! Kabla ya Jumamosi lazima nipate mtu wa kukaa naye.

Jumanne, 5 Agosti
Mimi ni karani wa ghala, sibahatishi. Nimekagua fukwe tatu, daftari mkononi. Wa kwanza: mawe, mtu mmoja, amelala. Wa pili: mchanga laini, bendera ya kijani, watu kumi na mmoja. Wa tatu: bendera nyekundu ya kukataza kuogelea, mawimbi ya hasira, watu arobaini, wote nchi kavu. Nimechagua wa tatu. Penye wengi pana mengi! Nikatandika mkeka wetu wa watu wawili, nikakaa ukingoni kabisa ili nafasi ionekane. Saa nzima haikuonekana. Kisha mama mmoja akaja akitabasamu, akauliza kama hapo pana mtu. Moyo ukaruka. Hapana, karibu sana! Akaomba basi awaazimie wanawe mkeka, maana wako wanne. Nimekaa mchangani hadi alasiri.

Jumatano, 6 Agosti
Nimemjua adui. Mstaafu wa posta mwenye mwavuli mkubwa kama hema. Chini yake wamejaa: wajane wawili, bibi mwenye redio, wale watoto na mkeka wangu. Anawachekesha mpaka wanashika mbavu. Nami nikajaribu kuvuta watu kwa elimu. Nilisimama karibu yao nikaeleza kwa sauti kubwa habari za bahari, kwamba sasa maji yanakupwa. Maji yakaja yakachukua viatu vyangu. Bwana Mwavuli alikimbia akaokoa kimoja, akaniambia njoo ukae nasi, ndugu yangu. Mbele za watu, na kiatu kimoja mkononi! Ujanja wake naujua, anataka kunicheka kwa karibu. Nikamshukuru, nikamwambia kuna mtu ananisubiri. Nikaenda kusubiriwa nyuma ya vibanda vya kubadilishia nguo. Saa mbili nzima.

Alhamisi, 7 Agosti
Mvua. Mapokezi ya hoteli wameniletea ujumbe: Bwana Mwavuli, kumbe naye amefikia hapa hapa, anauliza kama nitakula nao mchana, meza ya dirishani. Nimejibu kwamba nina mgeni. Nimekula mkate chumbani, nikilitazama begi. Nimelia kidogo. Naandika tu, nani atasoma? Mke wangu angeshuka dakika ile ile, na mimi angenivuta mkono. Dada alipopiga nikamwambia mgeni wangu yuko bafuni. Akasema vizuri, atasubiri amsalimie. Amesubiri dakika kumi na mbili! Nikasingizia chaji, nikakata.

Ijumaa, 8 Agosti
Mpango mkubwa. Mtu anayezama haachwi peke yake. Basi nitazama kidogo tu, maji ya kiunoni, nipige kelele mbili, wanitoe, mazungumzo yaanze. Bendera nyekundu ilikuwa inapepea. Nikaona afadhali, mwokoaji atakuwa macho. Nikaingia. Mara mkondo ukanizoa miguu, na ufukwe ukaanza kwenda zake. Kelele zilitoka nyingi, wala hazikuwa za mpango. Nikapigana na maji kurudi moja kwa moja mpaka mikono ikaisha nguvu. Niliogopa kufa. Mwokoaji, dada mmoja mwenye filimbi, akanifikia na boya, akasema baba, usishindane na mkondo, twende kwa pembeni kwanza mpaka utuachie. Ukatuachia. Nchi kavu akanigombeza kama mwanawe.

Halafu! Mataulo matano. Chai. Bibi akazima redio yake kwa ajili yangu. Wajane wakanisugua mikono, mmoja huku, mwingine huku. Bwana Mwavuli alinishika bega, hakuliachia mpaka chai ikaisha. Baadaye akaniambia kwamba mkewe alifariki mwaka juzi, na kwamba mwavuli aliununua mkubwa makusudi, watu wasogee. Tumekaa hadi jua kuzama. Sijakaa hivyo na mtu tangu msiba.

Jumamosi, 9 Agosti
Wamenisindikiza wote hadi stendi. Bwana Mwavuli amechukua namba yangu, mwakani tupange kuja wiki moja. Bibi ameniasa nisiingie tena kwenye bendera nyekundu, nimeitikia kwa heshima zote. Njia nzima nimetafakari nilipokosea, na hatimaye nimepaona. Nilichelewa. Kuzama Ijumaa kumenipa watu siku moja tu. Mwakani nitazama Jumatatu, kabla ya chakula cha mchana.