Kompyuta Hii Itashuka Bei Tu

Jumatatu, 3 Machi

Kompyuta imeganda tena. Bibi harusi amebaki kwenye skrini mdomo wazi, kipande cha keki kikiwa njiani. Nimekwenda kunywa chai, nimerudi, bado hajala. Mimi ni mhariri wa video za harusi. Siwezi kuendelea hivi.

Na imeganda wakati mbaya. Meneja wa ukumbi wa harusi anatafuta mhariri mmoja wa kudumu. Ametupatia watu wawili video za harusi ile ile, kila mmoja akahariri kwake: mimi, na jirani yangu wa ng'ambo ya barabara, anayeitwa Bwana Angani kwa sababu ya kile kidude chake cha kuruka na kamera. Kazi ifike kwa meneja Jumamosi ya wiki ijayo. Mshindi anapata harusi zote za ukumbi ule. Zote! Uzuri ni kwamba kompyuta ya Bwana Angani ni mkweche kama yangu. Atakayewahi mashine ya maana ndiye mwenye kazi.

Mashine ya maana iko moja tu, kwenye duka la kompyuta jirani na kinyozi. Akiba ninayo. Mke wangu amekubali, tena haraka haraka. Kompyuta yangu imekalia meza yake ya kujipambia chumbani, na kioo chake kinaning'inia kwenye korido, juu ya viatu. Nikipata kazi ya ukumbi tutakodi chumba cha ofisi na kioo kitarudi kwake. Hilo amelirudia mara mbili wakati wa kula.

Shemeji, kaka yake mke wangu, ni fundi wa kompyuta. Anasema niende kesho asubuhi nikainunue, basi. Nimecheka. Fundi mzuri, lakini biashara haijui. Sijawahi kununua kitu kwa bei iliyobandikwa na sitaanza sasa.

Jumanne, 4 Machi

Nimekwenda dukani nikijitia hamnazo. Mbinu yangu: muuzaji asijue unachotaka. Nimeuliza waya. Nimeuliza bei ya betri za rimoti. Nimeisifu dari. Mama mwenye duka akaniuliza kama nimekuja kuiona ile mashine, maana nilikuwa nimeiegemea.

Akaiwasha. Jamani! Feni zake hazisikiki. Akafungua video nzito ya harusi, akaivuta mbele, akairudisha nyuma, na ikamtii kila mahali. Yangu ukiivuta mbele inafikiria kwanza. Machozi yalinilenga nikayameza. Nikasema si mbaya, lakini ya kwangu nyumbani inanitosha. Mama mwenye duka akasema anafurahi kusikia hivyo, akaizima.

Nimenunua kitambaa cha kuwekea kipanya ili nisitiliwe shaka. Mke wangu amekipokea kwa mikono miwili, akakigeuza upande wa pili, akauliza kompyuta iko wapi.

Alhamisi, 6 Machi

Habari kubwa! Nimesoma mtandaoni kwamba toleo jipya la ile kadi ya kuchakata picha linakuja karibuni. Likitoka jipya, la zamani linashuka bei. Kununua sasa ni kutupa pesa. Nimemweleza shemeji kwa kumchorea mstari kwenye meza kwa maji ya chai: bei hapa, toleo jipya hapa, mimi hapa chini nikisubiri.

Shemeji ameutazama mchoro mpaka ukakauka. Akasema matoleo mapya huja kila wakati, na kwamba kompyuta si mahindi, haina msimu wa mavuno. Mtu akiihitaji na pesa anayo, anainunua, anafanya kazi. Nikamwambia ndiyo maana yeye amebaki fundi. Mke wangu akanikumbusha kuwa fundi huyo ana ofisi yake, tena yenye madirisha.

Kutwa nzima ya leo kompyuta yangu ilikuwa ikikamilisha na kutoa kipande kimoja tu cha video, kile cha kukata keki. Kilipokaribia kuisha, ikazima. Nimeanza upya. Ni suala la uvumilivu.

Ijumaa, 7 Machi

Nusura nizimie. Nimepita dukani na nani nimemkuta? Bwana Angani, pua yake kwenye kioo cha dirisha, anaila mashine ile kwa macho! Kioo kimeota ukungu wa pumzi yake.

Nikawaza haraka. Nikamshika bega, nikamvuta pembeni kama ndugu. Nikamwambia mashine ile ina kasoro, inachemka. Aliyetangulia kuinunua aliirudisha. Hakuna mtu wa namna hiyo, nilimbuni pale pale, nikampa na shati la bluu ili aonekane wa kweli. Bwana Angani alinishika mkono kwa mikono yake yote miwili, akanishukuru, akasema siku hizi ni nadra kukuta mshindani mwenye roho safi. Niliona aibu kidogo. Ikapita kabla sijafika nyumbani.

Jumamosi, 8 Machi

Nimeamka na wazo bora zaidi. Uvumi huu ukienea, mama mwenye duka atashusha bei mwenyewe. Nikaenda kunyoa, ingawa nilinyoa juzi, nikamnong'oneza kinyozi kuwa mashine ya jirani yake inachemka. Nikamwomba asimwambie mtu. Kinyozi ni mtu wa kutegemewa. Kufikia mchana amemwambia kila mtu.

Jioni uvumi umenirudia nyumbani kupitia mke wangu. Sasa mashine imeunguza pazia. Kuna na mtoto aliyeokolewa. Nimekiri kwamba hata mimi nimeingiwa na wasiwasi, nikawa najiuliza kama kweli ni salama kuiweka chumbani.

Shemeji akaja akaniuliza, mbele ya dada yake, kama bado naitaka mashine ile. Nikaona hapa ndipo pa kuwa makini: nikisema naitaka, uvumi utakufa. Nikasema kwa sauti, mlango ukiwa wazi ili na majirani wasikie, kwamba siitaki hata nikipewa bure. Shemeji akauliza kama nina hakika. Nikasema nina hakika kabisa. Akasema sawa.

Jumatatu, 10 Machi

USHINDI! Bei imeshuka! Mama mwenye duka ameikata ile ya zamani kwa kalamu nyekundu na chini yake ameandika bei ile ile niliyokuwa naiota. Nilisimama ng'ambo ya barabara nikiitazama. Pesa zilikuwa mfukoni.

Nikavuka. Nikafika mlangoni. Ndipo akili ikanijia. Muuzaji aliyeshusha bei mara moja ameshaanza kuogopa, na anayeogopa hushusha tena. Kununua leo ni kumwokoa. Nikageuka.

Mke wangu aliuliza kama nimenunua. Nikamfafanulia moyo wa muuzaji unavyofanya kazi, hatua kwa hatua. Alikuwa anasugua sufuria. Aliendelea kuisugua muda wote niliokuwa nazungumza, na sufuria yenyewe ilikuwa safi tangu mwanzo.

Jumanne, 11 Machi

Haipo.

Nimeingia dukani, pale ilipokuwa pamewekwa printa. Nikauliza kwa sauti ya kawaida, nadhani ilikuwa ya kawaida. Mama mwenye duka akasema imeuzwa jana jioni kwa Bwana Angani. Alipoona bei imeshuka alikuja na fundi wake, fundi akaifungua, akaikagua yote, akasema ni nzima, haichemki, na watu wana maneno. Mama mwenye duka akampunguzia tena kidogo kwa kuwa uvumi ulikuwa umemtisha, akamwongezea na kibodi ya bure yenye taa.

Fundi huyo ni shemeji! Nimekwenda ofisini kwake. Nimemuuliza damu ya undugu wetu ameipeleka wapi. Kwa utulivu wa kuudhi akasema kazi ni kazi, na kwamba Bwana Angani alimwomba tangu Jumamosi, naye kabla ya kuipokea alikuja kuniuliza mimi kwanza, nami nikatangaza kwamba siitaki hata bure. Majirani walisikia. Nikatazama nje. Kweli ana madirisha.

Alhamisi, 13 Machi

Nimejikaza kisabuni. Mkweche wangu utafanya kazi, utake usitake. Nimeufungua ubavu, nimeuelekezea feni ya nyumba. Mke wangu analala kwenye joto kwa ajili ya sanaa. Nimefunga programu zote, nimetoa hata ile picha ya mandhari. Nilimkataza kila mtu kupita kwa kishindo.

Video ilipofika karibu na mwisho, baba wa bibi harusi akiwa anafuta machozi, kompyuta ikazima. Nami nikafuta yangu. Sikuficha. Kazi ile niliihariri vizuri, naijua kazi yangu, na haikuwa inatoka.

Ijumaa, 14 Machi

Nimepiga moyo konde, nimevuka barabara. Nilikuwa nimeandaa uongo wa kutosha, lakini Bwana Angani hakuuliza kitu. Niliposema tu kwamba kompyuta yangu imenikwamisha, akanipisha kwenye kiti chake. Akasema mtu aliyemwonya kwa nia njema hawezi kumnyima mashine. Akaniletea na chai.

Video nzima ilitoka kabla chai haijapoa. Nilikunywa nikiitazama ile kibodi ikibadilika rangi. Sijawahi kunywa chai chungu namna ile, na sukari ilikuwamo.

Jumamosi, 15 Machi

Meneja wa ukumbi alizitazama kazi zote mbili, sisi tumekaa nyuma yake kama watoto waliopelekwa kwa mwalimu mkuu. Ya Bwana Angani ina picha nyingi za mapaa. Kwenye yangu, baba alipoanza kulia, meneja alivua miwani. Akasema waziwazi kwamba yangu ni bora.

Kisha akauliza, harusi ikiwa Jumamosi, nitaikabidhi lini. Nikaanza kupiga mahesabu. Akauliza natumia mashine gani. Nikasema hiyo iko njiani. Akauliza njiani kutoka wapi. Bwana Angani alitazama viatu vyake kwa huruma.

Kazi amepewa Bwana Angani. Imeniuma, tena sana. Niliporudi mke wangu alikuwa kwenye korido anafunga kitambaa mbele ya kioo, amesimama katikati ya viatu. Akanisogezea kigoda nikae.

Jumatatu, 17 Machi

Bwana Angani ana mambo yasiyotabirika. Amekuja asubuhi kusema harusi ni nyingi kuliko anavyoweza, na kwenye uhariri ninamshinda. Yeye apige picha, mimi nihariri kwake, tugawane sawa. Nimekubali kabla hajamaliza sentensi. Mke wangu alitabasamu kwa mara ya kwanza baada ya wiki nzima. Akasema kwa kuwa akiba bado ipo, niende leo leo nikamwagize mama mwenye duka mashine ya pili, niwe mbia mwenye changu, tukodi chumba. Shemeji naye akasema ataifunga bure.

Watu hawa hawaoni mbali. Kwa nini niagize mpya kwa bei kamili, wakati iliyotumika iko pale pale, naikalia kila siku?

Nimeanza mchana huu. Nikiwa nahariri, nikaguna. Bwana Angani akauliza kuna nini. Nikasema hakuna, ila kuna kasauti. Baada ya muda nikanusa hewa. Akasogeza pazia. Alipouona uso wangu wa huzuni, maskini, akasema yeye hana moyo wa kulala na kitu hiki chumbani, na kama mimi, mjuzi wa mambo haya, naiweza, niichukue leo hii kwa nusu ya bei. Nusu! Mke wangu, niliyemweleza kwa furaha, tayari alikuwa amevaa viatu na pochi iko mkononi.

Nimemwambia avue. Nimemjibu Bwana Angani kwamba nitafikiria. Mtu aliyeogopa kiasi hiki Jumatatu, Ijumaa ataileta mwenyewe mlangoni na kunilipa niipokee.