Roleksi Yangu Ndani ya Chupa ya Damu

Jamani, leo nimeaibika mbele ya kanisa zima. Masikio bado yanawaka.

Kanisa letu hapa Nateete lilikuwa kwenye mfungo. Vijana tuliambiwa: atakayemaliza bila kuvunja, Jumapili atapiga ngoma ya kwaya. Mimi ni mtu wa haya, kuongea mbele ya watu siwezi. Lakini ngoma! Ngoma naitaka kuliko chakula. (Nilidhani hivyo.)

Leo asubuhi, siku ya mwisho, nikapita kwa mkaanga chapati. Harufu ikaniita. Nikala roleksi, chapati nzito iliyokunjiwa mayai manne, mafuta yakitiririka mpaka kwenye kiwiko. Nikanawa, nikafuta mdomo, nikaingia kanisani na uso wa njaa.

Kumbe mchungaji amealika nesi atupime kolesteroli! "Wote mmefunga, hakuna siku nzuri kama hii," akasema. Zamu yangu ilipofika, mchana, nikatoa damu kama wengine. Ningekataaje?

Nesi akaziweka chupa kwenye mashine ya kuzungusha, inayotenga damu na maji yake, akawa anatufundisha. Mafuta hayachanganyiki na maji ya damu, kwa hiyo kolesteroli, aina ya mafuta, hufungwa ndani ya vifuko vidogo na kusafirishwa. Vifuko vingine huipeleka mwilini. Vikizidi, huiacha kwenye kuta za mishipa, na moyo hukosa damu. Vingine huiokota na kuirudisha kwenye ini. (Kama bodaboda: wako wanaoleta mzigo, wako wanaouondoa. Hapo nilielewa vizuri.)

Kisha akanyanyua chupa mbili. Moja, maji yake ya juu yalikuwa ya manjano, safi. Nyingine, meupe kama maziwa!

"Banange, jamani! Haya yote ni mafuta," akasema. "Jina sitaji. Kama amekula asubuhi, si ajabu. Lakini kama kweli amefunga, aende hospitali leo leo."

"Hapa hakuna aliyekula!" mchungaji akajibu kwa fahari.

Mama Zawadi, kiongozi wa kwaya, akaangua kilio. "Yesu wangu! Ni mtoto wa nani huyu anayetuacha?" Watu wakapiga magoti. Mzee mmoja akatoka mbio kutafuta gari. Maombi yakapanda, wakaanza kumkemea pepo wa mafuta. (Pepo mwenyewe alikuwa tumboni mwangu, ametulia.)

Nikasimama. Sauti ikatoka nyembamba kama ya kifaranga.

"Mama Zawadi, usilie. Ni roleksi."

"Roleksi gani?"

"Ya mayai manne."

Mama Zawadi akafuta machozi. Kisha mchungaji akacheka mpaka akashika mimbari asianguke.

"Mwanangu, tunashukuru huumwi. Lakini ngoma umeshaila, pamoja na mayai yake."

Kanisa likalipuka. Nesi naye akaniambia nirudi kupimwa siku nitakayofunga kweli. Alisema "kweli" mara mbili.

Nimejifunza: mdomo unafutika, damu haifutiki. Na nyinyi mnaocheka, kapimweni kwanza!